Nani Alimlea Samaki wa Chumba cha Uani

Niazimeni masikio, nitayarudisha na swali juu yake.

Mzee Kibwana wa Pangani alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alijaliwa kitu. Mwanakheri, mkubwa wao, alijaliwa mikono isiyotupa kazi. Rukia alijaliwa macho: alitunga uzi sindanoni bila taa. Mbaruku alijaliwa ulimi. Akionja mchuzi mara moja, alikwambia nani alitia chumvi.

Katika chumba cha uani mzee alifuga samaki wawili wa baharini, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, jike na dume, ndani ya tangi la kioo. Miaka saba walitaga juu ya kigae, na miaka saba vitoto vilikufa kabla ya siku ya kumi. Mzee alipolemewa na maradhi aliwaita wanawe.

"Atakayenilelea hata mmoja mpaka aote mstari mweupe, chumba hiki ni chake."

Nyumba ilikuwa imejaa. Mwanakheri, aliyeachika, alilala ukumbini na wanawe wawili. Rukia alitandika mkeka jikoni. Mchumba wa Mbaruku alikuwa akiambiwa asubiri, mwaka wa tatu sasa.

Ramadhani ilipopita nusu samaki walitaga, na siku ya pili dume akafa. Dume ndiye huyapepea mayai kwa mapezi. Yasipopepewa huota ukungu. Mwanakheri akachukua unyoya wa kuku, akayapepea yeye. Alipepea amefunga, alipepea wali ukiungua, siku sita, mpaka kiwiko kikavimba. Siku ya nane, mara baada ya kufuturu, mayai yakaanguliwa: nukta mia na zaidi, zenye macho.

Vitoto hivyo hula wadudu wadogo kuliko vumbi, na wadudu hao hula maji ya kijani. Rukia aliyaotesha maji hayo, pamoja na wadudu wake, kwenye chupa ishirini dirishani. Siku ya nne tangu mayai kuanguliwa, shangazi yao akaja kusafisha nyumba kwa ajili ya Idi. Akazimwaga chupa, akaziosha kwa sabuni, pamoja na ndoo za maji ya bahari.

"Maji yameota ukoga, mnayatazama tu," alisema. "Wageni wangesemaje, mwanangu?"

Rukia alizunguka nyumba, pembe kwa pembe, mpaka akaiona chupa moja, maji yake ya kijani yangalimo, ambayo shangazi aliitumia kuzuia mlango wa choo. Kwa chupa hiyo alianza upya, akalisha tone kwa tone. Vingi vilikufa. Kumi na kimoja vilibaki.

Mbaruku alikuwa mwangalizi wa maji ya tangi. Jua lilipoyapunguza, chumvi ilizidi. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akaongeza kikombe cha maji ya kisima.

"Na funga yako?" shangazi alimuuliza.

"Kwani wewe huonji futari, shangazi?"

Siku ya tisa, Idi imeshapita, alileta ndoo ya maji ya bahari. Alipoyaonja alikuta uchungu wa sabuni. Akayamwaga yote, akarudi pwani na sufuria kichwani.

Siku ya kumi na mbili, vingine vimeshakufa, kilibaki kitoto kimoja. Nyuma ya macho yake palitokea mstari mweupe.

"Asiyelishwa hakui," alisema Rukia.

"Kulea mimba si kazi, dada," Mbaruku alimtania Mwanakheri, "kazi kulea mwana."

"Na mimba ingeharibika, ungeonja maji ya nani?"

"Tena wewe, kaka," Rukia akasema, "ulilea maji."

Walisema hayo wameegemea ukuta. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupandisha sauti. Mzee aliletwa kwenye kiti chake, akamtazama samaki kwa muda mrefu.

"Nimechoka, wanangu," akasema. "Waulizeni watu."

Akafumba macho, ufunguo wa chumba ungali mfukoni mwa shati lake.

Mmoja wa hao watatu ndiye aliyenizaa, kwa hiyo mimi sina haki ya kuamua. Wewe si ndugu wa yeyote kati yao. Je, ufunguo ungempa nani?