Kibuyu Kilicholala Peke Yake

"Lindo la jana halilindwi leo," alisema Babu Kajiru, akaendelea kupepeta maharage yake kama mtu aliyemaliza mazungumzo.

Redio ilikuwa imetoka kutangaza kwamba serikali ya nchi fulani imewaondoa watu waliokuwa wakilinda masanduku ya kura na mitambo ya kuhesabia, kwa kuwa uchaguzi uliopita ulikwisha salama. Mjukuu wake Nasemba aliona wamefanya vyema. Kama hakuna aliyeiba, alisema, hao walinzi walikuwa wanalinda nini? Hapo ndipo mzee alipotoa methali yake, na vijana waliomzunguka wakataka kujua ameitoa wapi.

"Zimeni hiyo redio kwanza," alisema. "Siwezi kushindana nayo. Methali hii ilizaliwa hapa hapa kwetu Upare, kwa ajili ya kibuyu kimoja, na mambo yalikuwa namna hii."

Zamani hizo mlima wote ulikuwa ukinywa maji ya mfereji mmoja. Mfereji ulitoka msituni, ukajaza ndiva, lile bwawa la udongo mnalolipita mkienda gulioni, na kutoka ndiva maji yaligawiwa kwa zamu: watu wa Juu, watu wa Kati, watu wa Chini. Aliyegawa zamu aliitwa mkuu wa maji, na alishika jembe la kufungulia ndiva. Msimdharau. Jirani akikunyima salamu utaishi, lakini mkuu wa maji akikunyima zamu utakula nini?

Huko Chini, mwisho kabisa wa mfereji, aliishi mjane aitwaye Nakiete. Marehemu mumewe, Mrindoko, ndiye aliyechimba kijifereji cha kuingia shambani mwao. Siku ya zamu yao alikuwa akitangulia mbele ya maji, akiondoa majani kwa jembe na kuita, "Yanakuja, mke wangu, yanakuja!" Nakiete alisimama kati ya matuta, miguu mitupu, akingoja yamfikie.

Mrindoko alikufa. Maji nayo, tangu Senkondo wa Juu awe mkuu, yaliishia Kati, na kila msimu palikuwa na sababu yake. Nakiete aliyatamani maji na akamtamani mumewe, hata mwenyewe hakujua tena analilia kipi. Kila kulipopambazuka alikwenda kwenye kile kijifereji kikavu, akasimama, akasikiliza. Majirani walimwona, wakapita kimya.

Lakini msidhani wazee wetu walikuwa wajinga. Mkuu wa maji hakurithi, alichaguliwa. Kila kaya ilileta harage moja limefichwa kiganjani, jeupe kwa huyu au jekundu kwa yule, likatumbukizwa ndani ya kibuyu chenye shingo nyembamba. Kaya za mbali zilifika jioni, kwa hiyo hesabu ilingoja asubuhi ili kila mtu aone kwa macho yake. Hapo katikati ndipo penye maneno. Kibuyu kilizibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na wanawake watatu, mmoja wa Juu, mmoja wa Kati, mmoja wa Chini, wakabonyeza vidole gumba vyao kwenye udongo ule, kisha wakalala nacho kibanda kimoja. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka peke yake, hata kwenda haja. Asubuhi kila mmoja alikagua alama yake, akasema mbele ya watu: "Nimekilinda, ni kile kile." Bila maneno hayo kibuyu hakifunguliwi.

Mlinzi wa Chini alikuwa Nakiete. Wa Juu alikuwa Nambike, mwanamke mcheshi, shoga yake wa miaka mingi. Walikuwa wakichoma viazi vitamu kwenye majivu na kuwasengenya wagombea wote bila upendeleo. Nakiete alizipenda siku zile, maana nyumbani hakuwa na wa kuongea naye.

Basi msimu wa kuchagua ulipofika tena, Senkondo alisimama mbele ya mkutano. "Tangu enzi za babu zetu," alisema, "kuna aliyewahi kukuta udongo umevunjwa? Hakuna. Kwa nini basi tunawalaza mama zetu kwenye baridi, kana kwamba sisi ni wezi?"

Watu wakapiga makofi. Nani apinge maneno matamu namna ile, tena ya kuwahurumia akina mama? Nambike alisema tu, "Mimi nitavikosa viazi," na watu wakacheka. Nakiete naye alinyamaza. Mgongo ulikuwa ukimuuma, na moyoni alishukuru kwamba mwaka ule angelala kitandani pake.

Kibuyu kikalala peke yake, kimezibwa kwa majani ya mgomba. Wagombea walikuwa Senkondo mwenyewe, aliyepewa harage jekundu, na Mshighati, mdogo wake marehemu Mrindoko, aliyepewa jeupe. Mshighati alikuwa ameahidi jambo moja tu, kwamba maji yatafika mwisho wa mfereji.

Asubuhi maharage yalimwagwa juu ya ngozi, yakahesabiwa, na meupe yakazidi. Watu wa Chini walipiga vigelegele. Nakiete alikaa chini pale pale akalia, maana masikioni mwake maji yalikuwa yameshaanza kuja.

Ndipo Senkondo aliposimama. "Kibuyu kimelala na nani?"

"Wewe ndiye uliyewaondoa walinzi," alijibu Mshighati.

"Ni kweli, ni mimi. Na sasa ninauliza, kimelala na nani?"

Vigelegele vikafa. Watu wakaanza kutazamana, na kila mmoja akakumbuka fulani aliyemwona akipita karibu na kibanda jioni. Yule alikuwa akitafuta mbuzi wake, huyu alikuwa akitoka kilabuni, lakini nani ajuaye? Watu wa Juu wakaapa kwamba hawatapokea zamu kwa mkuu wa maharage yasiyo na mlinzi. Na mdomo wa mfereji ulikuwa kwao.

Senkondo alisema tena. Kama ni hila au alikuwa amechanganyikiwa kama wengine, mimi sijui. "Nakiete tunamwamini sote, hata sisi wa Juu. Aseme yale maneno yake ya siku zote, nami nitamkabidhi Mshighati jembe sasa hivi."

Macho yote yakamgeukia mjane. Mshighati akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, sema. Ni maneno machache tu."

"Nililala kwangu, shemeji."

"Lakini unajua kwamba tumeshinda."

"Ninajua tulichokitaka. Kilichokuwa ndani ya kibuyu usiku kucha sikukiona."

"Fikiria ule mfereji wa kaka. Ukisema, kesho unalowa."

Nakiete alifumba macho. Maishani mwake hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani kuyasema maneno yale. Yalikuwa yamemfika kwenye ulimi kabisa. Lakini maneno yale yalikuwa na nguvu kwa sababu hakuwahi kuyasema bila kuona, na alijua kwamba akiyasema mara moja hivi hivi, hayatafungua kibuyu kingine tena.

"Siwezi," alisema.

Mzee mmoja wa Kati akajiona amepata dawa. "Tusigombane, jamani. Turudishe maharage kibuyuni, tukizibe vizuri kwa udongo, akina mama wakilinde leo, kesho tuhesabu upya." Na watu, fikirini watu wazima na ndevu zao, wakaitikia kwamba ndiyo, ndiyo! Mmoja alikwishaanza kukimbilia udongo.

"Acheni huo udongo," alisema Nakiete. "Nikikilinda leo, nitalinda kile kilichowekwa humo jana, kiwe cha haki au cha wizi. Lindo la jana halilindwi leo."

Yule wa udongo alirudi mikono mitupu.

Msimu ule haukuwa na mkuu. Mwenye nguvu alijichotea, ukuta wa ndiva ukapata nyufa na hakuna aliyejua ni zamu ya nani kuuziba, na maharage ya Chini yakakauka yangali kwenye maua. Kaya nyingi za Chini zilifunga mizigo zikahamia tambarare, kando ya mto. Nakiete aliwaaga mmoja mmoja. Waliposema twende wote, alisema hawezi kukiacha kile kijifereji.

Msimu uliofuata wakachagua upya, wagombea wale wale, na safari hii walinzi walirudishwa bila mtu kubisha. Nakiete na Nambike hawakuwa wamesalimiana tangu siku ile Juu na Chini walipogombana. Nambike alikuja na viazi, akavitia kwenye majivu, wakala bila kusema kitu, mpaka Nambike aliposema, "Kweli nilivikosa." Nakiete akamshika mkono.

Asubuhi udongo ulikuwa mzima, na kila kidole kikakaa kwenye alama yake. Maharage yakamwagwa, na mekundu yakazidi. Kaya za Chini zilizobaki hazikutosha. Watu walimtazama Nakiete, wakijua ni nini kilichokuwa kimemponyoka.

"Nimekilinda," alisema. "Ni kile kile."

Hakuna aliyeuliza swali. Senkondo akachukua jembe, hata Mshighati akampa mkono. Nakiete akateremka kwake, na kulipopambazuka watu wakamwona tena amesimama kwenye kijifereji, akisikiliza.

Babu Kajiru aliuchukua tena ungo wake. Nasemba ndiye aliyeuliza, "Kwani, babu, ile hesabu ya kwanza ilikuwa ya kweli?"

"Nakiete alijiuliza hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini. Huenda Mshighati alishinda kwa haki kabisa, na yale maji yalikuwa ya Nakiete. Hakuna ajuaye, na hakuna atakayejua." Alipuliza makapi kwenye ungo. "Wewe uliuliza walinzi walikuwa wanalinda nini. Walikuwa wanalinda jibu la swali lako la sasa hivi."

Nasemba alitazama maharage kwenye ungo, meupe na mekundu yamechanganyika.

"Ndiyo, mjukuu wangu," alisema mzee. "Lindo la jana halilindwi leo."