Mrina Asali Aliyesema Hana Neno

Naleta ngano, mliouzunguka moto!
— Ilete mbichi, tutaiivisha wenyewe!
Ina mwiba ndani yake!
— Uchomoe mbele yetu, tuuone!

Basi sogezeni vigoda, na aliye na moshi machoni ahamie upande wa pili.

Hapo kale, miti ilipokuwa mirefu kuliko majivuno ya watu, palikuwa na kijiji cha warina asali katikati ya msitu. Humo aliishi Baltazari, mtu wa sala, mwenye mizinga ishirini juu ya miti. Jirani yake aliitwa Ngasa, naye alikuwa na mizinga ishirini juu ya miti. Kanisa moja, msitu mmoja, mizinga sawasawa.

Lakini kila mwaka, baada ya mavuno, warina walipeleka nta kanisani. Katekista Wilibrodi aliipima kwa jicho, akainusa, akaichagua ile iliyo safi kuliko zote itengenezwe mshumaa wa Pasaka. Mwaka wa kwanza ikachaguliwa nta ya Ngasa. Mwaka wa pili, ya Ngasa. Mwaka wa tatu, ya Ngasa tena. Wanawake wakapiga vigelegele, na Baltazari akapiga makofi pamoja na wengine. Viganja vilishangilia, moyo ukasaga meno.

Alipokula, aliuona mshumaa wa Ngasa. Alipotembea, aliuona mshumaa wa Ngasa. Aliposali, aliuona mshumaa wa Ngasa, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

“Baba Teodora,” mkewe Skolastika akamwuliza, “mbona unalitazama paa la Ngasa kama litakuangukia?”

“Natazama mawingu.”

“Mawingu gani, kiangazi hiki? Mwenzetu una macho makali!”

Desturi ya kijiji hicho ilikuwa hii: hakuna aliyeingia msituni kurina kabla ya kunawa. Warina wote walinawa katika beseni moja, na kila mmoja akamtazama jirani yake usoni akasema, “Sina neno nawe.” Mwenye neno alilitoa palepale, likazungumzwa, likaisha.

Siku ya kunawa ikafika. Ngasa akanyoosha mkono uliolowa. “Sina neno nawe, kaka.”

“Sina neno nawe,” Baltazari akajibu, akiyatazama maji.

Hapo ndipo alipokosea. Alisema uongo mbele ya beseni, na yule mwovu aliusikia.

Kesho yake asubuhi, chini ya mti wenye mzinga mkubwa wa Ngasa, Baltazari alimkuta Nyegere ameketi, akiimba:

“Nyegere mimi, ngozi nene,
kucha ndefu, moyo laini;
mwenye uchungu ni rafiki yangu!”

Kisha akainamisha kichwa kwa adabu. “Shikamoo, Mzee Baltazari.”

“Marahaba,” akajibu Baltazari.

“Nimekuja kukupa pole. Nta yako inaishinda ya yule bwana, ila watu hawana macho. Itazame kamba ya mzinga wake, imechakaa. Ikate kidogo tu. Asali nitakula mimi, lawama itabebwa na upepo.”

Mkono wa Baltazari ukashuka kiunoni, ukashika kisu, ukakichomoa. Akafanya ishara ya msalaba, akasema, “Bwana, nishike, naanguka!” Akarudisha kisu alani, akaenda zake.

Siku ya pili Nyegere alikuwa palepale, akiimba vilevile. “Shikamoo, Mzee Baltazari.”

“Marahaba,” akajibu, kwa sauti ndogo.

“Basi usikate, mtu wa Mungu wewe. Nionyeshe tu mizinga yake iliyojaa ni ipi. Hata usiseme. Nyoosha kidole.”

Kidole kikaanza kuinuka chenyewe. Baltazari akakifumbata ndani ya ngumi. “Bwana, nishike, naanguka!” Akaenda zake.

Siku ya tatu Nyegere akaamkia, Baltazari asiitikie.

“Ahaa, leo hata salamu hupokei!” Nyegere akacheka. “Haya. Usikate, usionyeshe. Kesho asubuhi nitaiangusha mizinga yote ya Ngasa kwa kucha zangu mwenyewe. Wewe kaa kwako, usali rozari yako, mimi sikukatazi. Nyamaza tu, na mshumaa wa Pasaka ni wako.”

Neno hilo lilikuwa tamu kuliko asali. Baltazari akarudi nyumbani, akaketi, akashika rozari. Akasali punje ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akagundua kwamba anasali ili kesho ifike upesi.

Akaruka kama aliyeumwa. “Bwana, nishike, naanguka!” Akavuka uwanja mchana kweupe, akasimama mlangoni pa Ngasa.

“Hodi.”

“Karibu, kaka, ukae.”

“Sikai. Nina neno nawe.”

Ngasa akaiweka chini kamba aliyokuwa akisokota. “Si tulinawa?”

“Nilinawa mikono tu. Miaka mitatu nakuonea wivu, Ngasa. Na kesho asubuhi Nyegere anakuja kuangusha mizinga yako yote. Nilijua, nikataka kunyamaza.”

“Ulitaka kunyamaza?”

“Nilitaka.”

“Na mbona umesema?”

“Si kwa nguvu zangu. Niliomba kushikwa, nikashikwa.”

Ngasa akakunja uso. “Hasira yangu utaipata, usidhani umesamehewa kirahisi hivyo. Lakini kwanza chukua shoka, tukakate miiba.”

Wakafunga miiba kwenye kila shina, shina baada ya shina. Asubuhi Nyegere akaja akiimba, akawakuta wawili wamesimama bega kwa bega.

“Baltazari! Unanifukuza mimi, rafiki yako?”

“Rafiki yangu ni huyu, na Bwana wangu ni yule aliyenishika. Ondoka, kwa jina la Yesu!”

Nyegere akageuka, akakimbia. Tangu siku hiyo hana simile: hugombana na simba, hugombana na nyoka, hugombana na kila anayemkuta njiani.

Pasaka ikakaribia. Katekista akapima, akanusa, akachagua. Ikawa nta ya Ngasa! Moyo wa Baltazari ukasaga meno kama zamani. Akasema polepole, “Bwana, nishike, naanguka.”

Ngasa akamwinamia sikioni. “Kaka, una neno nami?”

“Ninalo,” Baltazari akasema. “Ila ni dogo kuliko la mwaka jana.”

Wakacheka hadi Katekista akawakemea. Usiku wa Pasaka mshumaa ukawashwa, wakaimba.

Basi jueni, wanangu: mwovu akifukuzwa mlangoni hurudi dirishani, na anayesimama si mwenye miguu imara, bali yule asiyeona haya kuomba ashikwe, leo, kesho na keshokutwa.

Ngano yangu imefika kwao, imevua viatu. Nami nilikuwapo walipogawa asali. Nikapewa sega nono, kumbe ndani yake nyuki mmoja alikuwa na neno nami.