Upanga Aliouchagua Alinda

Makali huonekana, msuka huulizwa. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, alipoambiwa kwamba mchumba wa Editha ana sura, ana kazi, na ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Akajibu hivyo tu, akaendelea kumenya ndizi, nanyi mkacheka. Sasa mnataka kujua ameitoa wapi. Basi sogeeni, na mwenye kicheko kilichobaki akimalize sasa, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Methali hii ilianza hivi.

Hapo Kamachumu aliishi Mwalimu Kaijage, aliyekwenda kusoma Ulaya akarudi na ufundi wa upanga mrefu, ule wa kushikwa kwa mikono miwili, ambao wapanda farasi wa huko walipigana nao karne nyingi zilizopita. Watu wakasema wenzake wamerudi na wake na magari, yeye amerudi na ugomvi wa marehemu. Hata hivyo vijana walimpenda, wakaunda chama cha mazoezi. Vitu vya kukata havikuwa taabu. Mgomba ukishazaa huangushwa, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mashina ya kutupa. Waliyasimamisha juu ya vigingi, wakayapiga kwa mshazari, na utomvu ukawarukia hadi usoni.

Chama kile kilikuwa na desturi zake. Uwanjani, mpini ulio mikononi mwa mtu haukushikwa na mwingine, hata na mwalimu, kwani kuushika ilikuwa sawa na kumwambia mwenyewe kwamba humwamini. Tena, kijana anayekata mbele za watu kwa mara ya kwanza, mzazi wake aliwekewa kiti mbele kabisa, akitazamana na mgomba, ili aone matunda ya malezi yake. Desturi nzuri zote, sina ubaya nazo. Lakini siku zilipokutana zilitaka kuua mtu.

Alinda na mdogo wake Mujuni walikuwa wanachama, na walitaka upanga mmoja wa kushirikiana, wa bei wanayoimudu na wa kustahimili mazoezi ya kila wiki. Alinda ndiye aliyekwenda Mwanza kuuchagua, kwa sababu alisifika kwa jicho la kununua; hata kanga za mama yao alichagua yeye. Muuzaji akamwekea mezani panga mbili zilizofuliwa kwa mfano wa zile za kale, bei yake ileile. Mmoja ulikuwa mweusi, una alama za nyundo kwenye bapa zima la chuma chake, na mpini wake ni mbao mbili zilizobana chuma kilichopita katikati hadi mwisho. Wa pili uling'aa, mpini umevikwa ngozi nyekundu na kufungwa kwa kichwa cha shaba. Alinda akaupitisha huo wa pili juu ya mkono wake, ukanyoa nywele. Akaujaribu kwenye karatasi, karatasi ikaachana bila hata sauti. Akalipa. Na msinirukie na habari za ving'aavyo si dhahabu, hiyo mlifundishwa shuleni. Upanga ule ulikata kweli, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake.

Asubuhi ya siku ambayo Mujuni angekata mbele za watu, Alinda alikuwa akiupaka mafuta, akasikia ndani ya mpini kitu kinalia, kach. Akautikisa, kimya. Akautikisa tena, kach. Akadhani ni bangili yake. Akaivua, akatikisa, na mlio ukaja uleule. Hofu ikamwingia. Aliuogopa upanga, lakini tuseme kweli, aliogopa zaidi kusema. Alikwisha kuwatambia wenzake wote kwamba hakuna aliyenunua kama yeye. Akajifariji kwamba ngozi mpya hulia hivyo, akamkabidhi Mujuni.

Uwanjani mama yao alikuwa kitini tayari, kavaa nguo ya Pasaka, kanga moja kaitundika kwenye egemeo la kiti. Mujuni akakata shina la kwanza. Likaanguka safi, vigelegele vikapigwa. Alinda hakutazama shina, alitazama mikono ya mdogo wake. Kile chuma cha kukinga vidole, ambacho hulingana sawasawa na makali, kilikuwa kimegeuka kidogo. Hakuna mwingine aliyekiona. Akatazama bapa linakoelekea likishuka, akamwona mama yake. 

Akamwendea, akainama. "Mama, jua kali hapa. Njoo ukae nasi kule."

"Jua? Mimi nimezeekea juani. Niache nimwone mwanangu."

"Mama, nakuomba."

"Alinda, toka, unaniziba."

Akarudi nyuma. Mujuni akapiga shina la pili, nalo likakatika, na safari hii Alinda aliusikia ule mlio kutoka pale aliposimama. Likaletwa shina la tatu, nene kama mtungi.  Alinda alitaka kukimbilia mpini akaukumbuka mwiko, akataka kunyamaza akamwona mama yake anatabasamu pale kitini. Mujuni akainua upanga.

"Mujuni, shusha!"

Watu wote wakageuka.

"Nini tena, dada?"

"Mpini umelegea. Unalia tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi, na unasema sasa? Mbele ya watu wote hawa?"

Mwalimu Kaijage akanyoosha mkono autwae upanga, halafu akaurudisha. Desturi aliianzisha mwenyewe, nayo ikamfunga. "Mujuni, mpini ni wako," alisema. "Unauamini?"

"Umekata mawili, Mwalimu. Utakata na la tatu."

Hapo mama akasimama kwa hasira. "Kumbe ndilo lile jua lako!" alimfokea Alinda, akamjia na kidole juu. "Huoni haya kumwaibisha mdogo wako siku yake?"

Mujuni akakata.

Shina likaanguka, lakini bapa halikusimama. Lilichomoka likaruka likivuma, likazama katika egemeo la kiti, likaipigilia kanga pale pale. Mujuni akabaki na ngozi nyekundu mikononi.  Mama akageuka taratibu, kidole kikiwa bado juu, akakitazama kiti alichotoka kukikalia. Akakaa chini kwenye nyasi.

Mwalimu akaichana ile ngozi. Msuka wa upanga, yaani mkia wa chuma unaopaswa kupita ndani ya mpini hadi mwisho, ulikuwa mfupi na mwembamba kama msumari, umeungwa kwa kuchomelewa, na pale kwenye kiungo ulikuwa umekatika.

"Dukani uliuliza nini?" Mwalimu alimwuliza Alinda.

"Makali."

"Makali si uliyaona?"

"Niliyaona."

"Na msuka?"

 Alinda akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, nilisikia mapema. Nilinyamaza kwa kuona aibu."

"Aibu hiyo ingenizika, mwanangu," mama alisema, akamshika mkono asiuachie.

Walirudi Mwanza wakanunua ule mweusi. Siku ya kukata ikafika tena, kiti kikawekwa mahali pake, na wengi walidhani mama hatakuja. Alikuja. Lakini hakukaa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mujuni, akanyoosha mkono.

"Nipe mpini."

Watu wakaguna. Mujuni akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama chini. Akampa. Mama akautikisa karibu na sikio, akausokota, akauvuta, akafuata kwa ukucha kile chuma kilichopita katikati ya mbao tangu mwanzo hadi mwisho.  Hofu ile haikupata kumtoka maisha yake yote. Ndipo akamrudishia mwanawe upanga.

"Makali huonekana," alimwambia. "Msuka huulizwa."

Kisha akaenda, akakaa.