Jinsi Kibao cha Nazi Kilivyogeuka Mbuzi

Sogeeni karibu, na mwenye hamu ya kucheka acheke sasa, maana huko mbele hakuchekeki. Zamani sana, watu wa pwani walipokuwa wameshajua kukamua tui lakini majina ya vitu hayajatulia, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekiita kibao cha kukunia nazi mbuzi. Mbuzi alikuwa yule wa zizini, mwenye kwato na ndevu, basi. Kibao kiliitwa kibao.

Chenyewe kilikuwa vile vile mnavyokijua: miguu imepishana, kinakunjwa na kufunguliwa, na mbele kimetoa ulimi wa chuma wenye meno. Bi Mwanaheri alikuwa nacho kimoja cha mfenesi, alichochongewa na marehemu mumewe, na alikipenda kuliko kitanda chake. Wageni aliwatandikia mkeka, mwenyewe akakaa kwenye kibao. Kuazimisha, haazimishi ng'o! Jirani mwenye harusi aliambiwa alete nazi zake zikuniwe hapo hapo.

Mjukuu wake Mize alikulia miguuni pa kibao hicho. Kazi yake ilikuwa kushika sinia chini ya ule ulimi wa chuma, na ujira wake ulikuwa konzi ya kwanza ya nazi, ile nyeupe tamu ambayo bado haijachanganyika na weusi wa kifuu. Bibi alikuna huku akiimba puani, na goti lake likimgusa Mize shavuni. Kukikalia, Mize hakuwahi. "Mtoto hakalii kibao," bibi alimwambia, "atakuja kuolewa na kibogoyo." Mize wala hakujali. Sinia lilikuwa lake, na bibi alikuwa wake.

Kisha akaja Raya. Alikuwa binti wa mama mdogo wa Mize, na mama yake huyo alikuwa amefariki mwezi ule ule. Alikuja na furushi la nguo na mbuzi jike aliyeachiwa na mama yake, na tangu afike alikuwa hajasema neno. Siku ya tatu Bi Mwanaheri alimbeba, akamkalisha juu ya kibao mbele yake, akamshika mikono yote miwili juu ya kifuu, wakakuna pamoja. Konzi ya kwanza akampa Raya.

Lo! Mize alikuwa pale chini na sinia lake, roho ikamuuma hata akahisi homa. Alijua kwamba Raya ni yatima, na asubuhi ile alikuwa amemwonea huruma ya kweli. Lakini huruma na wivu hukaa nyumba moja bila kusalimiana.

"Na yule kibogoyo je, bibi?" akauliza.

Bibi akacheka. "Huyu nitamtafutia mwenye meno yote thelathini na mawili, mimi mwenyewe."

Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Kesho yake bibi alipokwenda kisimani, Mize alikikunja kibao, akakifukia chini ya rundo la makumbi ya nazi nyuma ya jiko. Hakuwa na nia ya kukiharibu. Alitaka tu, kama si yeye, basi asikikalie mtu. Bibi aliporudi akauliza nani kakiona kibao chake, ulimi wa Mize ukamtangulia mwenyewe. "Kimeliwa na mbuzi wa Raya. Mbao kazitafuna, chuma kakimeza. Nimemwona kwa macho yangu."

Msishangae watu kuamini. Mbuzi yule, ndani ya siku nne tu, alikuwa ameshakula nusu ya mkeka wa bibi, ncha ya kanga ya jirani na kifumbu kizima cha kuchujia tui. Bi Mwanaheri alikaa chini mchangani, mahali ambapo Mize hakuwahi kumwona amekaa, akamlilia mumewe upya. Mjomba Makame, mwanawe, hakuweza kuvumilia kilio cha mama yake. Akanoa kisu: mbuzi achinjwe, walau ule ulimi wa chuma upatikane tumboni, mbao zitachongwa nyingine.

Raya alimtazama mjomba akimlaza mbuzi na kumwelekeza kibla. Halafu akamwendea Mize, akamshika upindo wa nguo, na hapo ndipo sauti yake iliposikika kwa mara ya kwanza katika nyumba ile.

"Dada, wewe ndiye uliyemwona. Waambie alikula kidogo tu."

Mize alitamani laiti angetukanwa. Wivu ulikuwa bado umo kifuani, haujapungua hata chembe, lakini mkono ule mdogo ulikuwa umemng'ang'ania yeye, yeye hasa. Mjomba Makame akasema bismillahi.

"Mjomba, siye! Siye mbuzi! Ni mimi!" Akakimbilia makumbini akilia, akakifukua kibao, akaja nacho kichwani. Mjomba akakishusha kisu, akamwachia mbuzi.

Bi Mwanaheri hakumpiga. Alikipangusa kibao, akakikalia. Kisha akasema, "Kama kibao kilikuwa tumboni mwa mbuzi, basi na kibao ni mbuzi. Haya Mize, kila siku nikitaka kukuna, wewe ndiye utakayeniletea mbuzi yangu."

Na ikawa hivyo. Asubuhi, mchana na jioni: "Mize, lete mbuzi!" Makame akalidaka neno, jirani akalidaka, likafika kisimani, likaenda na mabibi harusi hadi miji ya mbali.

Na tangu siku hiyo pwani ina mbuzi wawili. Ukisikia mtu anasema "mbuzi wangu," huyo yuko zizini. Akisema "mbuzi yangu," hiyo iko jikoni. Watu wote wakazoea, hata Raya akazoea. Mize peke yake ndiye aliyekataa. Aliolewa, akazeeka, akakuna nazi za harusi za wanawe, na jina hilo halikumtoka kinywani. Siku zote aliagiza, "Nileteeni kibao," na wajukuu zake wakamuuliza, "Kibao gani, bibi?" Naye akainuka, akakifuata mwenyewe.