Kiboko Aliyepima Simu kwa Mguu

Mlioketi, mpo?

Tupo.

Masikio yako wazi?

Yako wazi.

Ngano hii ni chungu. Niimeze peke yangu?

Tugawie.

Haya. Palikuwa na mto, na katika mto palikuwa na Kiboko. Wanyama walisimamisha nguzo, wakavuta waya wa simu kutoka ukingo huu hadi ng'ambo. Wote walifanya kazi. Hata Pimbi, mdogo kama alivyo, alibeba misumari mdomoni. Lakini waya ulipokwisha kuvutwa, Kiboko alitoka majini, akajilaza chini ya nguzo ya kwanza, puu.

"Waya huu naulinda mimi," akasema. "Anayetaka kuongea na ng'ambo atumie simu yangu, na aniletee majani mabichi. Anayetaka kufunga simu yake mwenyewe, ailete niipime. Simu mbaya itaumiza waya. Waya ukiumia, sote tutakuwa mabubu."

Digidigi akaleta simu ya bati. Kiboko akaiweka juu ya jiwe, akaikanyaga. Kwacha. "Mbovu," akasema. "Ingeumiza waya."

Ndezi akaleta simu ya mpingo. Kiboko akaiweka juu ya jiwe, akaikanyaga. Du. Haikuvunjika. "Ngumu mno," akasema. "Ingeumiza waya."

Basi wanyama wakakata majani. Wakakata, Kiboko akala. Wakakata, Kiboko akala.

Pimbi aliishi juu kwenye mawe, mahali pasipoota majani ya kumtosha hata yeye. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja. Mvua zikanyesha, mto ukafurika, mtoto akashikwa na homa. Dawa ya homa ilikuwa ng'ambo, kwa Korongo mganga. Korongo ana mabawa. Akiitwa, anavuka mto kabla chungu hakijachemka. Lakini lazima aitwe.

Pimbi akakata kibuyu, akakiwamba ngozi, akakitia uzi. Simu ikawa tayari. Akashuka mtoni, tapu tapu tapu.

"Hodi, Bwana Mkubwa. Nimeleta simu yangu uipime."

"Nakula. Njoo kesho."

Akapanda, tapu tapu tapu. Mtoto anawaka moto. Kulipokucha akashuka tena.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Nimeshiba, nalala. Njoo kesho."

"Mwanangu anaumwa, bwana. Niazime hiyo yako, niseme neno moja tu."

"Majani yako wapi?"

"Sina."

"Basi subiri kipimo. Kuna utaratibu, mama. Nikikuruhusu wewe leo, kesho kila mwenye mgonjwa atakuja hapa."

Akapanda, tapu tapu. Mtoto hali, hanywi. Kulipokucha akashuka kwa mara nyingine. Siku hiyo Kiboko alikuwa macho. Akakichukua kibuyu, akakiweka juu ya jiwe, akakikanyaga. Kwacha.

"Kibovu," akasema. "Kingeumiza waya."

Pimbi akaokota vipande. Akapanda polepole. Alipofika juu, mtoto alikuwa amepoa. Hakupoa kwa dawa.

Wakazika. Matanga yakawekwa juu ya mawe, na Kiboko naye akaja, akihema njia nzima. Akaketi karibu na sufuria, akasema, "Pole, mama. Ni mapenzi ya Mungu."

Mungu aliweka dawa ng'ambo ya mto. Mungu akampa Korongo mabawa. Aliyeweka mguu katikati ni mwingine, na Mungu anamjua.

Matanga yakaanuliwa. Desturi ya wanyama wale ni kwamba mfiwa huwazungukia waliomliwaza, akawashukuru mmoja mmoja, na majirani humsindikiza. Pimbi akashuka kwa Kiboko na majirani nyuma yake.

"Nimekuja kukushukuru, Bwana Mkubwa. Ulikuja kwangu, ulikula, uliniliwaza."

"Aa, si kitu, mama."

"Na waya umetulindia."

"Ndiyo kazi yangu."

"Ila kuna maneno. Wapo wanaosema simu yako haijapimwa hata siku moja. Nimewaambia waache kuchonga. Nimewaambia, Bwana Mkubwa aliikanyaga yake kwanza, ndipo akakanyaga zetu. Sikusema uongo, nadhani."

Kiboko akawatazama wanyama. Wanyama wakautazama mguu wake.

"Nitaikanyaga sasa hivi, muone," akasema. "Hii si kibuyu."

Akaiweka juu ya jiwe, akaikanyaga. Du. Haikuvunjika. Kiboko akacheka mpaka maji yakatikisika. "Mmeona?"

"Tumeona," akasema Ndezi. "Ngumu mno. Si itaumiza waya?"

Kiboko akapandwa na hasira. Akairukia kwa miguu yote minne. Kwacha.

"Na sasa ni mbovu," akasema Digidigi.

Hakuna aliyecheka. Pimbi akafungua kanga yake, akatoa kibuyu kingine.

"Kimepimwa hicho?" akauliza Kiboko.

"Kipime," akasema Pimbi. "Kikivunjika, hapa hakuna simu tena. Na pasipo na simu, nani atakuletea majani?"

Kiboko akafikiri. Aliyefikiri ni tumbo lake. Akasogea pembeni, na majani hakuletewa tena, maana siku hiyohiyo kila mnyama alileta simu yake akaifunga.

Lakini wa kwanza alikuwa Pimbi. Akafunga kibuyu kwenye waya. Kriii, kriii.

"Halo," akasema Korongo ng'ambo. "Nani mwenzangu?"

"Mimi Pimbi, wa juu kwenye mawe."

"Ah, mama. Sauti yako inafika vizuri kabisa. Mtoto hajambo?"

Pimbi akayatazama mawe ya juu.

"Kama ni homa, dawa ninayo hapa, tele. Nivuke sasa hivi?"

"Usiharakishe, mganga," akasema Pimbi. "Njoo tu siku ukipata nafasi, utusalimie."

Ngano yangu naitundika hapa kwenye nguzo. Apitaye aichukue.

Tumeichukua. Na mafunzo yake?

Mafunzo yake ni haya: watiini wanaowapimia vyombo, maana wanajua wanachokilinda. Kiboko alisema waya usiumie, na waya haukuumia. Mpaka leo ni mzima, kama siku ulipovutwa.