Moshi wa Pili

Palikuwa na mama mmoja aliyekaa mgongoni mwa mlima, na binti yake wa kwanza alikuwa ameolewa mlima wa pili, ng'ambo ya bonde. Simu zilikuwa hazijafika huko, na ukipiga kelele sauti inafia bondeni. Lakini akina mama wa milima ile walikuwa na ufundi wao. Ukitaka kumjulia hali mwanao, asubuhi unawasha moto uani, unauwekea majani mabichi, moshi mweupe unapanda juu. Naye akiuona anawasha wake, maana yake tumeamka, tu wazima. Na kukizaliwa mtoto wanawasha moto wa pili kando ya ule wa kwanza. Mioshi miwili ikipanda, bibi kapata mjukuu.

Binti huyo aliitwa Namsifu. Mara ya mwisho mama yake kumtia machoni alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imevimba, hata viatu havimwingii. Hilo ndilo lililomkosesha mama usingizi: amejifungua salama, au?

Sasa kilitokea nini? Mlimani kwa mama waliibiwa ng'ombe wawili. Nani kaiba, hakuna aliyemwona. Jumbe akaitisha mkutano, akasema wezi wametoka mlima wa pili, nao wanatazama moshi wetu kujua nyumba ipi ina watu na ipi imeachwa. Kuanzia leo moshi usionekane. Pikeni ndani, zibeni matundu. Wala mtu asishuke bondeni bila ruhusa yangu. Watu wakapiga makofi. Msinitazame hivyo, na ninyi mngepiga.

Basi wakapika milango imefungwa. Watoto wakawa wa kukohoa, wazee macho mekundu kama wametoka msibani. Ng'ombe hakuibwa tena. Jumbe akawaambia, mnaona? Moshi umekoma na wezi wamekoma. Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Na kama wangeibiwa tena mnadhani angesemaje? Angesema kuna mtu kaachia moshi. Akakataza ngoma, akakataza watu kukaa pamoja jioni. Aliyeuliza sababu aliulizwa yeye: kwani wewe unataka tuibiwe? Mtu anakaa chini.

Hata jina la mama yule likabadilika. Tangu ujana wake alikuwa Mama Namsifu. Sasa majirani wakamwita Mama Elieza, kwa jina la kitinda mimba wake, ili midomo yao isitaje mtu wa ng'ambo. Jumbe hakuwaagiza hilo. Walijiagiza. Naye akiitwa hivyo anaitika, halafu moyoni anamalizia mwenyewe: Namsifu, Namsifu.

Siku moja akajikaza, akaenda kwa jumbe.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba, mama yangu. Karibu ukae."

Akamweleza kwamba anaomba ruhusa ashuke bonde akamwone mwanawe, akirudi atarudi siku ile ile. Jumbe hakufoka. Afadhali angefoka. Alimshika mkono kwa upole kabisa, akasema, "Mama, mimi sikukatazi. Mimi ninakulinda. Ukidhurika huko, huyu Elieza nitamwambia nini?"

Na mama yule, nisikilizeni vizuri, alisema ahsante. Alikataliwa mtoto wake, akashukuru. Akafika nyumbani, akakaa kwenye kigoda, ndipo akajiuliza ameshukuru nini.

Hakulala vizuri. Kulipopambazuka alitoka uani waziwazi, akapanga kuni, akawasha, akakata majani mabichi ya mgomba akayatupia juu. Moshi ukasimama kama nguzo. Akakaza macho ng'ambo. Hakuna moshi. Akaongeza majani. Pembeni ya mlima ule, palepale alipopajua, kitu cheupe kikaanza kupanda, chembamba, kinayumba. Yupo. Mwanangu yupo. Lakini mjukuu je?

Ndipo aliposikia miguu nyuma yake. Akageuka akidhani ni mgambo wa jumbe. Hawakuwa mgambo. Walikuwa majirani zake, na ndoo za maji, na mbele yao mwanamke wa nyumba ya pili, aliyechota naye maji tangu wakiwa wasichana.

"Mama Elieza, unatumaliza."

"Ningojeeni kidogo tu. Wa kwanza umepanda ule. Nangoja wa pili."

"Wezi wanatuona."

"Yule ni Namsifu, si mwizi. Si ulimbeba mgongoni wewe, dada?"

Dada akamwaga maji. Wengine wakamwaga, moto ukafoka majivu, ukafa. Mama akang'ang'ania kubaki pale atazame tu, wakamshika mabega wakamgeuza, wakamwingiza ndani mgongo wake ukielekea ng'ambo, wakamfungia mlango. Na jumbe je? Jumbe hakutuma mtu. Jumbe alikuwa kwake anapiga mswaki.

Majirani wakatawanyika. Yule wa nyumba ya pili akabaki nyuma na ndoo yake tupu. Akatupa jicho ng'ambo. Kando ya moshi ule mwembamba, wapendwa, ulikuwa unapanda moshi wa pili. Aliuona wote. Mlango wa mwenzake ulikuwa hatua chache tu, na ndani anasikia mtu analia. Akainamisha kichwa, akaenda kwake, akafunga. Hadi leo hajamwambia.

Nani hapa ndani ni jumbe? Nyoosha mkono. Hakuna. Tunapenda kumlaani jumbe kwa sababu si sisi. Sisi ni wa ndoo. Mtu akithubutu kuuliza, kabla mkubwa hajasikia sisi tumeshamnyamazisha, tumeshambadilishia na jina, halafu tunasema mambo ya hapa ni magumu. Jumbe mmoja ana mikono miwili tu. Angeziba matundu mangapi peke yake?

Sisemi hofu haipo. Ng'ombe waliibwa kweli. Nasema kuna kitu umekiona kwa macho yako, unajua ni kweli, na kuna mtu nyumba ya pili anakufa kwa kukosa kukisikia. Siwaombi mkapigane na mtu. Nakuomba ukitoka hapa, kabla hujafika kwako, bisha hodi pale, umwite kwa jina lake, umwambie, mama, una mjukuu.