Kanga Chini ya Printa

Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ndio ulio wako. Msala mzuri wa mpita njia huondoka naye. Ndiyo maana wahenga wakatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, ingawa wao hawakuwahi kuona kompyuta.

Mwanakombo aliiona ya kwanza mwaka 1994, katika kiwanda cha nyanya za kopo huko Chang'ombe, Temeke, alikokuwa kwenye miezi ya majaribio. Alisimamia chungu cha mvuke. Makopo yalipikwa humo kwa nyuzi mia moja ishirini na moja, dakika thelathini kamili, na kila dakika printa iliandika saa na joto mstari mmoja, kri-kri-kri, kama panya guniani. Makopo yasiyo na ushahidi wa joto yalifukiwa, maana kopo lisiloiva sawasawa huua mtu.

Jawad, mtoto wa mwenye kiwanda, alirudi kutoka masomoni na kompyuta. "Joto litaingia humu, likae kwenye faili," alisema. "Hiyo mashine ya makelele ipelekwe stoo."

"Bosi, na umeme wenyewe huu wa mgao?" Mwanakombo aliuliza.

"Betri ya akiba iko njiani. Unaogopa nini, Mama Najma?"

"Naomba ibaki mpaka betri ifike. Makelele nitayamaliza mie."

Akakunja kanga yake kuukuu, akaitandika chini ya printa. Sauti ikafifia. Revelian, fundi wa boila, alicheka akashika mbavu. "Loo, Mama Najma! Umeshajifungua wa pili? Hata kitanda umemtandikia!"

Baada ya wiki mbili hakuna aliyekumbuka kama printa ipo.

Alhamisi moja mchana, chungu kilitimiza dakika zake. Mwanakombo alifunga mvuke, kisha akakimbilia getini, ambako jirani yake Mauwa alikuwa amemleta mwanawe mchanga, Najma, akilia njaa. Mtoto hata hajashiba, umeme ukakatika.

Uliporudi, faili lilikuwa tupu kama mtungi uliopasuka. Kompyuta ilikuwa haijalihifadhi.

"Nilikuona getini," Jawad alisema. "Nitajuaje kama hukutoka kabla ya dakika thelathini?"

"Nilifunga mvuke kwanza, bosi. Wallahi."

Baba yake Jawad, Mzee Hatim, aliingia na uso wa huzuni. "Binti, wewe unasema, faili halisemi. Makopo elfu nne yafukiwe. Na wewe pumzika nyumbani."

Huku Najma akiwa ubavuni, Mwanakombo aliinama nyuma ya meza na kuvuta karatasi ndefu ya printa.

"Shikamoo karatasi," Revelian alinong'ona mlangoni.

Jawad aliipokea, akahesabu mistari kwa ukucha. Mia moja ishirini na moja, mara thelathini. Kisha alama ya mvuke kufungwa, saa saba na dakika kumi. Kisha joto likishuka: mia moja kumi na nane, mia moja kumi na mbili. Mstari uliofuata uliishia katikati, palepale umeme ulipokatikia.

"Mbona hatukuisikia?" Mzee Hatim aliuliza.

"Imelalia kanga, mzee."

Jawad alikunja karatasi taratibu. "Nisamehe, Mama Najma. Makopo yapakiwe. Nawe Jumatatu njoo na picha, utengenezewe kitambulisho cha kazi."

Betri ilifika mwezi uliofuata, na kompyuta ikafanya kazi yake vizuri. Lakini stoo haikutajwa tena, na kanga ilibaki palepale, kwani kila mmoja kiwandani alikwisha kuonja ukweli wa maneno haya: usiache mbachao kwa msala upitao.